Simu inajuaje ulipo? Siri iko kwenye saa

Unamtumia dereva wa bodaboda mahali ulipo, na baada ya dakika chache anapiga honi nje ya nyumba. Wasikilizaji wetu wametuuliza: simu inajuaje? Jibu fupi ni saa.

Setilaiti za GPS za Marekani huizunguka dunia zikiwa takriban kilomita 20,200 juu. Kila moja hubeba saa za atomu na kutangaza muda wake kwa mawimbi ya redio, yanayosafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Simu hupima mawimbi yamechukua muda gani kufika, ikapata umbali. Saa ikikosea kwa mikrosekunde moja tu, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300.

Saa ya simu je? Ni ya bei nafuu, haiwezi kushindana na ya atomu. Ndiyo maana simu husikiliza setilaiti angalau nne: tatu za kupata mahali, na ya nne ya kugundua saa yake yenyewe imekosea kiasi gani.

Huko juu nako kuna kazi. Kama Einstein alivyoeleza, mwendo wa setilaiti huchelewesha saa yake kwa mikrosekunde 7 kwa siku, lakini mvutano mdogo wa dunia huiharakisha kwa 45. Inabaki 38 mbele. Isiporekebishwa, kosa lingefika kilomita 11 kwa siku. Kwa hiyo saa hupunguzwa kasi kidogo kabla ya kurushwa, kisha vituo vya ardhini huikagua na kuipelekea masahihisho.

Masahihisho nayo yakikosewa ni balaa. Tarehe 26 Januari 2016, setilaiti kongwe ilipoondolewa kazini, taarifa ya saa yenye kosa la mikrosekunde 13 iliingia katika baadhi ya setilaiti zilizobaki. Ramani hazikuyumba, lakini nchini Uingereza redio ya dijitali ya BBC ilivurugika katika baadhi ya maeneo. Sisi wa redio tunaelewa: minara inayotumia masafa mamoja lazima irushe kwa wakati mmoja, la sivyo mmoja humharibia mwenzake.

Basi ramani ikikuweka mtaa wa pili, usilaumu saa haraka. Mara nyingi ni maghorofa yanayoziba au kuakisi mawimbi. Sogea mahali pa wazi, subiri kidogo, ndipo umtumie dereva.