Kuagiza Chakula kwa Kihispania: Kweli au Si Kweli?

Anayejifunza Kihispania hufundishwa mapema namna ya kuagiza chakula, na huko ndiko imani nyingi potofu zinakozaliwa. Kitabu humpa sentensi moja yenye adabu tele, akaikariri. Siku anapofika kwenye baa ya Madrid saa nne asubuhi, watu wamebanana kaunta, kila anayemsikia anasema kitu kingine kabisa. Tuzipime imani hizo.

Ukisema "quiero" umekosa adabu.
Si kweli, ingawa lipo la kuzingatia. Mhudumu akikuuliza "¿Qué quiere?", unataka nini, kumjibu "Quiero una sopa" hakuna ubaya wowote. Ukianza wewe na "quiero", hasa Meksiko au Kolombia, utasikika mkavu kidogo. Ongeza "por favor", utaeleweka vizuri.

"Quisiera" ndilo umbo pekee lililo salama.
Si kweli. Ni sahihi, lina heshima, na kwenye mkahawa wa vitambaa vyeupe linakaa mahali pake. Kwenye baa ya mtaani ni kama kwenda sokoni na suti. Wahispania wenyewe huuliza tu kwa wakati uliopo: "¿Me pone un café con leche?" Amerika ya Kilatini utasikia zaidi "¿Me da...?" au "¿Me trae...?" Adabu imebebwa na swali, si na ugumu wa kitenzi. "Pone" ni ya kumheshimu mtu (usted), "pones" ni ya kuzoeana (tú), na Hispania kuzoeana huanza mapema kuliko wengi wanavyotarajia.

Hapa msemaji wa Kiswahili ana nafuu. Hiyo "me" inafanya kazi ileile ya "ni-" katika "niletee". Cha kuangalia ni mahali inapokaa: kwenye swali hutangulia na kuandikwa peke yake, "me trae", kwenye amri hugandishwa nyuma, "tráigame".

Kuagiza kwa amri ni ufidhuli.
Kwa Hispania, si kweli. "Ponme un café" husemwa kaunta asubuhi nzima na hakuna anayeudhika. Kwa mhudumu mwenye umri mkubwa, "póngame". Sauti na uso vinamaliza kazi iliyobaki. Mtu wa Nairobi anayesema "nipe chai" hajamtusi mtu, ingawa wa Dar aliyezoea "naomba" anaweza kugutuka. Ukivuka bahari kwenda Bogotá, rudi kwenye swali.

Wakati uliopita hautumiki kwa chakula unachokitaka sasa hivi.
Si kweli. "Quería una ración de tortilla" ni Kihispania safi. Kurudisha ombi nyuma kunalilainisha, kunampa mwenzako nafasi ya kusema hakuna. Wapo wahudumu watakaokutania: "¿Y ya no la quiere?", kwani sasa huitaki tena? Ni mzaha wa zamani, cheka, agiza. Na kumbuka kwamba tortilla ya Hispania ni mayai na viazi, ya Meksiko ni mkate mwembamba, kwa kawaida wa mahindi.

"¿Puedo tener...?" ndivyo wanavyoagiza.
Si kweli, na hili ningependa life kabisa. Limenakiliwa kutoka Kiingereza. "Tener" ni kuwa na kitu, kwa hiyo unamuuliza mhudumu kama unao uwezo wa kuwa na kuku. Ataelewa na kuku ataletwa, lakini kama unataka kitenzi cha kuweza, mpe yeye anayeleta: "¿Me puede traer el pollo?"

Mkolombia anayesema "¿Me regala un tinto?" anataka cha bure.
Si kweli. "Regalar" ni kutoa zawadi, lakini Kolombia na Kosta Rika ndivyo watu wanavyoagiza, na wanalipa. Anayesema "naomba soda" Dar haombi sadaka. Kwa wasiokunywa pombe, jambo moja zaidi: "tinto" ya Kolombia ni kahawa nyeusi, ya Hispania ni mvinyo mwekundu.

Vitenzi vya Madrid ndivyo vya kila mahali.
Si kweli. Mkiwa wengi, mhudumu wa Madrid atawauliza "¿Qué vais a tomar?", mtachukua nini, kwa umbo la kuzoeana. Wa Meksiko atasema "¿Qué van a tomar?" hata kama ninyi ni vijana watupu. Buenos Aires wana "vos" yao badala ya "tú", na mkazo unahamia mwishoni: "¿Me traés...?" Huna haja ya kuiga yote haya, bali uyatambue unapoulizwa.

Unaweza kuagiza bila kitenzi chochote.
Kweli. "Para mí, la sopa, por favor." Kwangu mimi, supu. Wenyeji husema hivyo kila siku, hasa mezani mkiwa wengi na kila mtu anataja chake.

Kama una nafasi ya sentensi mbili tu kichwani, chukua "¿Me trae...?", inayoeleweka na kukubalika popote Kihispania kinaposemwa, na "¿Me cobra?" ya kuomba kulipa. Hiyo ya pili usiisahau: katika mikahawa mingi ya Hispania, bili haiji mezani mpaka uiombe.