Springi si Dawa ya Kila Mzigo

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamepata kusafiri katika gari lililozama nyuma kwa mzigo, wakamsikia dereva akisema, "Gari hili linataka springi." Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka likizo iliyopita niliposafiri na mjomba wangu kutoka Morogoro kwenda Iringa. Mjomba ana pikapu, nayo hukokota trela la kambi lenye mahema, vitanda na maji kwa ajili ya wageni wanaokwenda kutazama wanyama.

Siku hiyo mimi ndiye niliyepakia. Mapipa mawili ya maji, kila moja la lita 200, niliyaweka mbele kabisa ya trela, kwa kuwa hapo palikuwa rahisi kuyafunga. Giza lilitukuta Ruaha Mbuyuni. Madereva waliotujia walituwashia taa kwa hasira, maana taa zetu ziliwapiga machoni. Tulipopanda Kitonga, usukani ukawa mwepesi mno. Katika kona moja magurudumu ya mbele yalichelewa kugeuka, na pikapu ikaelekea upande wa malori yaliyokuwa yakishuka. Mjomba aliiwahi. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika juu.

Asubuhi mjomba alikwenda kwa fundi kuagiza springi. Fundi hakushika spana, bali alishika futi ya kupimia. Alipima kutoka chini mpaka ukingo wa bodi juu ya kila gurudumu, kwanza trela likiwa limefungwa, kisha likiwa limefunguliwa. Nyuma ilikuwa imeshuka sentimita 7, na mbele imepanda sentimita 2.

"Zinazonitisha si hizi saba," akasema, "ni hizi mbili."

Sababu yake ni wenzo, tuliojifunza katika fizikia. Ekseli ya nyuma ni egemeo. Mkono wa trela hubonyeza kiungio kilicho nyuma ya ekseli hiyo, na magurudumu ya mbele huinuliwa, kama ubao wa watoto wanaobembea. Fundi aliweka mkono wa trela juu ya mizani ya magunia, akapata kilo 350. Kiungio kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 3. Basi 350 mara 1.2, gawanya kwa 3, ni 140. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoongoza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, yalikuwa yamepungukiwa kilo 140.

Trela letu na mzigo wake lilikuwa na kilo 1,500. Trela la namna hii hufaa kubonyeza kiungio kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani kilo 150 hadi 225. Likibonyeza kidogo mno, nalo huyumba huku na huku kama mkia. Hapo nilijua lililotusibu. Nikasema, "Mjomba, kosa ni langu. Mapipa niliyapakia mbele." Mjomba alinitazama, akajibu, "Na mimi niliyaona, mwanangu, nikanyamaza." Tuliyasogeza karibu na ekseli ya trela, na mizani ikasoma kilo 200.

Ndipo fundi alipotueleza misaada yenyewe. Kuongeza bamba katika springi huimarisha nyuma, lakini gari likiwa tupu hurusha abiria. Mifuko ya hewa hujazwa kwa kadiri ya mzigo, ila huhitaji kukaguliwa upepo, na jiwe kali laweza kuitoboa. Mipira migumu inayowekwa kati ya ekseli na fremu haina matunzo mengi, nayo hufanya kazi springi zinapobonyea tu. Hii yote huinua nyuma, lakini hairudishi mbele uzito uliochukuliwa na wenzo. Kazi hiyo hufanywa na vyuma vya kugawa uzito, vinavyotumika sana Marekani kwa matrela ya kulala: hufungwa kwenye kiungio, vikakazwa, na kusukuma sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele na ya trela. Shokomzoba hazibebi mzigo. Hutuliza mtikisiko tu.

Mjomba huendesha pikapu tupu mara nyingi, na njia zake ni za mawe. Kwa hiyo alichagua mipira. Fundi alipima tena, akarekebisha taa, akatuonya: hakuna msaada hata mmoja unaoongeza uzito ambao kitabu cha gari kinaruhusu. Springi huinua gari. Haziipi ekseli, matairi wala breki nguvu mpya.

Tulirudi kwa njia ile ile. Kitonga tuliishuka polepole, usukani ukiwa na uzito wake. Nawaomba wazazi wenye magari, na wenzangu tunaotumwa kupakia: gari likizama nyuma, tazameni kwanza mbele. Pimeni, pangeni mzigo upya, pimeni tena. Fedha za springi zitoke mwisho.

Mwanafunzi, Kidato cha III