Mira Nair: Mwongozaji wa filamu aliyeifanya Kampala kuwa darasa

Barabara iendayo mwalo wa Ggaba, ukingoni mwa Ziwa Victoria, hupita karibu na kilima cha Buziga. Upande huo wa Kampala ndiko mwongozaji wa filamu Mira Nair alikojenga maisha yake ya Uganda, mbali na India alikozaliwa mwaka 1957.

Alianzaje?

Baada ya masomo katika Chuo Kikuu cha Harvard, Nair alitengeneza filamu za hali halisi. Mwaka 1988 alitoa Salaam Bombay!, iliyohusu watoto wa mitaani na kuigizwa na baadhi yao. Ilitwaa Kamera ya Dhahabu mjini Cannes na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2001, Monsoon Wedding ilimpatia Simba wa Dhahabu mjini Venice.

Uganda iliingiaje?

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Nair alipotafiti mkasa huo alikutana na msomi Mahmood Mamdani, mmoja wa waliofukuzwa, ambaye baadaye akawa mumewe. Matunda ya utafiti huo ni Mississippi Masala ya mwaka 1991, iliyopigwa kwa sehemu mjini Kampala. Inauliza swali linalomgusa kila aliye wachache katika nchi anamoishi: ni nani mwenye haki ya kupaita mahali nyumbani?

Maisha ni nini?

Ni jina la Kiswahili alilolipa shirika aliloanzisha Kampala mwaka 2004. Linawafunza bila malipo waandishi wa miswada na waongozaji kutoka Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Shabaha yake ni kwamba Waafrika Mashariki wasimulie habari zao wenyewe, wasiwangoje wageni.

Kuna mafanikio gani?

Lupita Nyong'o, Mkenya aliyefanya kazi nyuma ya kamera katika filamu ya Nair, The Namesake, alirejea kuwa mwigizaji mashuhuri katika Queen of Katwe ya mwaka 2016. Filamu hiyo inasimulia habari za Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe aliyeng'ara katika sataranji. Mhusika huyo aliigizwa na Madina Nalwanga, msichana wa Kampala ambaye hakuwa ameigiza filamu kabla.

Hata hivyo, fedha za filamu hiyo zilitoka Disney, Marekani. Hapo ndipo penye mtihani: vipaji vimepatikana, lakini mfuko wa kuvigharimia bado uko ng'ambo.