Malezi na Elimu ya Michael Kremer: Funzo Kutoka Busia

Waswahili husema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Makala haya yanaeleza kwa muhtasari malezi na elimu ya mwanauchumi Mmarekani Michael Kremer, na sababu ya sisi wanafunzi wa Kiswahili kumjadili.

Kremer alizaliwa mwaka wa 1964, akakulia Manhattan, mji mdogo katika jimbo la Kansas. Baba yake alikuwa profesa wa usanifu wa majengo, na mama yake mhakiki wa fasihi. Alihitimu shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1985. Badala ya kuendelea na masomo, alikuja Kenya akafundisha katika shule ya sekondari huko Kakamega. Baadaye alirejea Harvard, akapata shahada ya uzamifu katika uchumi mwaka wa 1992.

Ualimu huo ndio uliomrudisha magharibi mwa Kenya katikati ya miaka ya 1990. Yeye na wenzake waliteua shule 100 za msingi katika wilaya za Busia na Teso, ambako ndiko uliko mji wa Malaba. Leo wilaya hizo ni Kaunti ya Busia. Mwaka wa 1996, shule 25 zilizoteuliwa kwa kura zilipewa vitabu vya kiada, nyingine zikasubiri zamu yao. Kwa njia hiyo, matokeo yangeweza kulinganishwa kwa haki.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Kwa wastani, vitabu havikuinua alama za wanafunzi. Walionufaika ni wale waliokuwa wakifanya vyema tangu awali. Mojawapo ya sababu zilizotolewa na watafiti hao inatuhusu moja kwa moja: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi ni lugha ya tatu, baada ya Kiteso, Kikhayo au Kisamia, na Kiswahili.

Mwaka wa 2019, Kremer alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa utafiti wa aina hii.

Ni kweli kwamba utafiti huo haukupima vitabu vya Kiswahili. Hivyo haututhibitishii kwamba Kiswahili kingefaulu. Hata hivyo, unatuonyesha kwamba kitabu kisichoeleweka ni mzigo tu mkobani. Swali la lugha ya kufundishia limejadiliwa mno kwa hisia. Ni juu yetu sasa kulipima madarasani, tukianzia mipakani kama Busia na Malaba.