Nepi, Pampasi na Hesabu ya Maji Mahurunga

Katika biashara zote zinazofanyika baina ya Mtwara mjini na vijiji vya maingilio ya mto Ruvuma, ni nadra kuona iliyokua kimya kimya kama biashara ya pampasi. Kwani korosho ina mnada wake na bei yake hutangazwa redioni, gesi ya Mnazi Bay ina wahandisi na mikataba yake, ama pampasi haina isipokuwa duka dogo la kijijini, ambalo mwenyewe huitungua pakiti rafuni, akaipasua ubavuni, akaziuza moja moja kwa mama aliyekuja na sarafu za siku ile tu. Huko Mahurunga, kata ya wakulima wa mpunga na korosho iliyo kando ya mto, ng'ambo yake ikiwa Msumbiji, biashara hiyo ya moja moja ndiyo inayostahili kutazamwa, maana humo ndimo fedha ya nyumba inamotoka bila ya mtu kuihesabu.

Zamani mtoto wa pwani alivikwa nguo, na nguo ilikuwa ndiyo roho ya tijara ya upande huu. Tangu Seyyid Said alipofunga mkataba na Marekani mwaka 1833, nguo ya merikani ya viwanda vya New England, iliyoletwa na merikebu za Salem, ilisambaa kutoka Unguja hadi bara, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoipunguza pamba yake, ndipo nguo za Bombay na Manchester zikachukua nafasi. Baada ya uhuru kikaja kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Nguo ikichakaa haikutupwa: kanga kukuu, iliyokwisha kulainika kwa kufuliwa, ilichanwa ikawa winda, na mzazi aliye katika arobaini yake alitunzwa na jamaa kanga ambazo nusu yake, baada ya miaka, zingeishia kiunoni mwa mtoto wa pili au wa tatu.

Pampasi ilizaliwa Marekani, kwa kampuni ya Procter & Gamble, iliyoanza kuiuza mwaka 1961; ikapata nguvu zaidi katika miaka ya 1980, ilipotiwa chembechembe zinazofyonza maji mara nyingi ya uzito wake. Kusini kwetu ilichelewa, na sababu haikuwa ukaidi wa watu bali njia: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa ikikatika na Dar es Salaam msimu wa mvua, na bidhaa nyepesi yenye kujaza lori, isiyo na faida kubwa kwa kila pakiti, haikustahimili gharama ya safari kama ile. Daraja lilipokwisha, na lami ikafuata kidogo kidogo, mizigo ikashuka. Na leo kampuni zenye asili ya China, mfano wa Softcare, zina viwanda humu humu Tanzania, Kenya na Ghana, hata bei ikafika mahali ambapo mama wa kijijini anaweza kuigusa, japo kwa moja moja.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtoto atumiaye pampasi tatu kwa siku, kila moja kwa shilingi 400, hugharimu shilingi 1,200 kwa siku, nayo ni shilingi 438,000 kwa mwaka. Ukiipima kwa mizani ya korosho, kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo ambayo Serikali ilinunulia mwaka 2018, ni kilo zipatazo 133, kabla ya makato yoyote. Mtu akiambiwa atoe kilo 133 za korosho ghalani siku moja kwa ajili ya pampasi atashtuka. Lakini akizitoa kwa shilingi mia nne mia nne hashtuki, na hapo ndipo ilipo siri ya biashara ya rejareja ulimwenguni kote.

Upande wa pili tuweke dazani mbili za nepi za kitambaa, tuzikadirie shilingi 60,000 pamoja na pini zake na vikaptula vya plastiki vya kuvisha juu, kisha mche wa sabuni wa shilingi 3,000 kila wiki, yaani shilingi 156,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 216,000, chini ya nusu ya ile ya pampasi, na mtoto wa pili atakuta nepi zi tayari. Wengi wanaosifu nepi huishia hapo. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia, maana bado hatujaweka maji.

Nepi za siku moja, kuloweka, kufua na kusuuza, tuseme zataka madumu matatu ya lita 20 zaidi ya maji ya kawaida ya nyumba. Dumu likiwa shilingi 50 bombani, maji ni shilingi 54,750 kwa mwaka, na nepi ingali na faida kubwa. Dumu likiletwa na mwenye baiskeli kwa shilingi 200, maji peke yake ni shilingi 219,000, jumla inafika 435,000, na ile faida yote imebaki shilingi 3,000. Likizidi hapo, basi mama atumiaye pampasi ndiye mwenye hesabu sahihi, na anayemwita mvivu au mbadhirifu hajui asemalo. Nasema haya kwa mkazo kwa sababu nimechoka kusikia suala hili likihukumiwa kama tabia ya wanawake, hali ni suala la bomba.

Mkoa wa Mtwara waijua shida hiyo kuliko mingi. Juu ya uwanda wa Makonde maji hupandishwa kutoka mabondeni kwa mitambo. Ufini ilisaidia miradi ya maji ya Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970, na pampu zake za mkono zingali zikikumbukwa. Na tangu 2019 kazi ya maji vijijini i mikononi mwa wakala wa Serikali, RUWASA. Mahurunga iko bondeni, mto u karibu, lakini mto wenye mamba si mahali pa kumpeleka mama mwenye mtoto mgongoni kila asubuhi na beseni la nepi, wala si haki kuwafulia uchafu walio chini ya mkondo, ambao nao huteka humo. Kisima kilicho jirani na nyumba, chenye maji yasiyokauka, kingeuza nepi nyingi kuliko tangazo lolote.

Waingereza walikwisha kulipima jambo hili kwa mizani ya hewa chafu. Utafiti wa wakala wao wa mazingira wa mwaka 2008 ulikuta pampasi za mtoto kwa miaka miwili na nusu zikitoa takriban kilo 550 za gesi ya ukaa na nepi kilo 570, tofauti ndogo kabisa. Na kilichoiponza nepi kilikuwa maji ya moto na mashine ya umeme ya kukaushia. Kwetu kamba na jua havina bili. Jua lenyewe, hata hivyo, lina masharti: nepi iliyoanikwa kivulini au ikalala mbichi huvutia inzi atagaye mayai ndani ya nguo, na mayai yakazaa funza waingiao ngozini mwa mtoto, ndiyo maana bibi zetu waliipiga pasi ya mkaa kila nepi, pande zote mbili, hasa penye mikunjo. Mkaa na dakika hizo nazo ni gharama. Isitoshe, mvua zetu za Desemba hadi Aprili huzuia nguo kukauka wakati ule ule fedha ya korosho iko mkononi, kwa hiyo muuza pampasi hupata misimu miwili mizuri kwa pamoja.

Baada ya kutumika, pampasi haina pa kwenda. Kijijini hapana gari la taka. Ikitumbukizwa chooni hulijaza shimo kabla ya wakati wake, ikitupwa bondeni mafuriko huichukua hadi mikokoni, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 haikuigusa. Gharama hiyo haimo katika zile shilingi 400, na aliyeiunda hailipi.

Kuhama kutoka pampasi kwenda nepi, basi, kwafaa kuwe kwa nusu: nepi mchana mama akiwa nyumbani, pampasi moja usiku, na nyingine ya akiba siku ya kupanda bodaboda kwenda kliniki au Hospitali ya Ligula mjini Mtwara. Pampasi moja ya usiku ni shilingi 146,000 kwa mwaka, na madumu ya kufulia hupungua kwa kadiri hiyo. Wako wapendekezao nepi ziondolewe kodi. Lakini taulo za kike ziliondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, na mwaka uliofuata kodi hiyo ikarudishwa, Serikali ikisema bei dukani haikushuka. Nafuu ikipita mikono mingi humalizikia njiani.

Badala ya kodi, mimi ningemtazama fundi cherehani. Pampasi za kufua zitokazo China, zenye vifungo na tabaka lisilovuja, zinauzwa Kariakoo, lakini nepi ya mraba ya pamba nyepesi hukauka upesi kuliko hizo, hukunjwa kufuata umbo la mtoto, na fundi yeyote aweza kuikata kutoka katika jora na kuipinda ncha kwa siku moja. Kizuizi ni kwamba dazani hutaka fedha taslimu kwa mkupuo, na mwanamke wa Mahurunga huwa nayo majuma machache tu kwa mwaka. Mnada wa kwanza wa korosho kwa kawaida huwa Oktoba. Malipo hufuata baada ya siku kadhaa. Fundi anayetaka kuuza ayaanze majora yake Agosti, azifunge kwa dazani, na aziweke mezani kabla ya muuza pampasi hajaagiza shehena yake ya masika.