Selimundu: Dawa Iliyojaribiwa kwa Watoto wa Afrika

Katika makanisa yetu ya Kalemie wako wazazi wanaokesha na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa. Wengine huambiwa ni uchawi. Sivyo. Selimundu, ambayo wengi huiita SS, hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kufa mapema. Ndiyo maana mtoto huumwa na kupungukiwa damu.

Kuna dawa ya kumeza, hidroksiyurea. Huusaidia mwili kutengeneza tena hemoglobini ya mtoto wa tumboni, inayozuia chembe kujipinda. Ilihofiwa kuwa ingezidisha malaria, hivyo ikajaribiwa kwa watoto 606 katika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa 2018: malaria ilipungua kwa karibu nusu, kuongezewa damu kwa theluthi mbili, na maumivu na vifo pia vilipungua.

Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu Casgevy, tiba ya kurekebisha jeni. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Hidroksiyurea haiondoi ugonjwa; humezwa kila siku, daktari akipima damu mara kwa mara. Basi tuombe, lakini tusimwambie mama aache dawa ili aonyeshe imani. Na mzazi akiombwa kumwingiza mtoto katika utafiti, aulize faida na hatari zake. Ana haki ya kukataa, na mtoto ataendelea kutibiwa.