Haina au Haikusema? Juu ya Kiini cha Kompyuta Kinachokosea Kutambua Kichakataji

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kosa moja la kompyuta ambalo, likitazamwa kwa makini, ni kosa la lugha. Baina ya mwaka 2012 na 2014 kompyuta nyingi za mkononi zilizotengenezwa mnamo 2003 na baadaye kidogo zilikataliwa na mifumo mipya ya uendeshaji. Sababu iliyotolewa ni kwamba vichakataji vyao havikuwa na uwezo fulani. Kumbe uwezo huo vilikuwa nao, ila havikuutaja.

Jambo hili si dogo kwetu. Shule zetu nyingi hupokea kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine. Tuseme mwalimu wa Nyacheki, katika nchi ya Bobasi huko Kisii, ameletewa kompyuta ya namna hiyo. Akisoma kwenye kioo kwamba sifa inayohitajiwa haipo, ataiweka stoo. Neno moja lisilo sahihi latosha kuwanyima wanafunzi chombo kizima.

2. Kiini, kichakataji na maswali yao

Kichakataji ndicho sehemu ya kompyuta inayotekeleza amri na kufanya hesabu. Kiini ni ile programu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji, inayogawa kumbukumbu na kazi kwa programu nyinginezo. Kompyuta inapowashwa, hapana budi kiini kijue mapema kinafanya kazi na kichakataji gani, kwani vichakataji havilingani kwa uwezo.

Tangu mwaka 1993, vichakataji vya ukoo wa Pentium vimekuwa na amri iitwayo CPUID, ambayo kwayo kiini huuliza. Jibu la kwanza ni jina la mtengenezaji, lenye herufi 12, nalo huletwa katika rejesta tatu, kila moja herufi nne. Rejesta hizo zina mpangilio wake. Anayezisoma kwa kufuata alfabeti badala ya mpangilio huo, hupata “GenuntelineI” mahali pa “GenuineIntel”. Jibu la pili hutaja jamaa, aina na toleo la kichakataji, pamoja na orodha ya sifa zake. Kila sifa ina biti yake: 1 maana yake “ninayo”, na 0 huchukuliwa kuwa “sina”.

Hapa ndipo penye mashaka. Biti ina thamani mbili tu, bali hali ni tatu: kuwa na kitu, kutokuwa nacho, na kutokitaja. Hali mbili za mwisho zimelazimishwa kukaa katika alama moja.

3. Mfano wa kwanza: Cyrix

Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Cyrix ilitengeneza kichakataji cha 6x86, kilichoshindana na Pentium. Vingi katika hivyo viliamka huku amri ya CPUID imefungwa. Kiini kiliuliza, hakikujibiwa, kikakata shauri kwamba kimekutana na kichakataji cha kizazi kilichotangulia, yaani 486.

Watunzi wa kiini cha Linux waliondoa kosa hili kwa njia ya kuvutia. Waliacha kuuliza jina, wakatazama tabia. Kiini huamrisha kichakataji kigawanye 5 kwa 2, kisha huchungua alama ndogondogo ambazo kichakataji huziweka baada ya hesabu. Vichakataji vingine huzibadilisha alama hizo. Vya Cyrix huziacha zilivyokuwa. Kwa dalili hiyo kiini hutambua kimekutana na nani, kikafungua amri iliyofungwa, kisha kikauliza upya. Tuangalie mpango wa kazi hii: dalili haikutumiwa kutoa hukumu, ilitumiwa kufungua mlango wa kuuliza vizuri zaidi.

4. Dalili katika usemi wa watu

Wanaisimu wanaijua hatari ya kuruka hatua hiyo ya mwisho. Ekegusii, lugha ya wenyeji wa Nyacheki, hakitofautishi sauti l na r kama Kiswahili kifanyavyo. Kitenzi ambacho kwa Kiswahili ni “kulala”, kwa Ekegusii ni “korara”. Basi Mgusii anayesema “kurara” aweza kutambulikana mara moja na msikilizaji wa Mombasa. Mpaka hapo msikilizaji hajakosea. Amesikia dalili na kujua mwenzake ametoka wapi. Anakosea pale anapoendelea kusema kwamba mtu huyu hajui Kiswahili. Sauti imemweleza asili ya msemaji. Juu ya msamiati wake, sarufi yake na maarifa yake haikumweleza lolote.

5. Mfano wa pili: Pentium M

Turudi kwenye zile kompyuta zilizokataliwa. Uwezo uliotafutwa huitwa PAE. Ulianza na kichakataji cha Pentium Pro mwaka 1995, nao hupanua anwani za kumbukumbu kutoka biti 32 hadi 36, yaani kutoka gigabaiti 4 hadi 64. Mwaka 2003 Intel ilitoa kichakataji cha Pentium M kwa ajili ya kompyuta za mkononi. Matoleo yake ya mwanzo yaliweza kutumia PAE, lakini biti ya kuitangaza ilibaki 0.

Kwa miaka kadhaa hakuna aliyeumia, kwa kuwa viini visivyohitaji PAE vilikuwa vinapatikana. Mwezi Oktoba 2012, mfumo wa Ubuntu katika toleo lake la 12.10 uliacha kabisa viini vya aina hiyo. Tangu hapo mwenye Pentium M aliyejaribu kuuweka mfumo mpya aliambiwa kwamba kiini kinahitaji sifa zisizokuwapo katika kichakataji, na kazi ikakoma papo hapo.

Marekebisho yaliingia katika Linux 3.15 mwaka 2014, na watumiaji wa Ubuntu 14.04 walikwisha kuyapata mwezi Aprili mwaka huohuo. Kiini kikikuta kichakataji cha Intel, jamaa ya 6, aina ya 9 au 13, kisichotaja PAE, hakisemi tena kwamba sifa haipo. Husema kwamba PAE imezimwa, na kwamba mwenye kompyuta aweza kuiwasha kwa neno “forcepae”, kwa dhamana yake mwenyewe. Akiliandika, kiini huiweka biti ile kuwa 1, hutoa onyo, na hujitia alama ya kudumu kwamba kinaendeshwa nje ya ahadi za mtengenezaji. Hivyo ushahidi wa mwenye mali umekubaliwa, lakini umeandikwa kuwa ni ushahidi wake, si wa kichakataji.

6. Hitimisho

Mabadiliko ya msimbo yalikuwa machache. Lililobadilika zaidi ni kauli: “haipo” iliondolewa, mahali pake ikawekwa kauli inayomwachia msomaji njia. Kwa wanaotafsiri programu kwa Kiswahili, kazi ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitangulia kwa kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, hili ni funzo la moja kwa moja. Lugha yetu ina “haina”, ina “haikutaja”, ina “haijajulikana”. Mfasiri asiziunganishe kwa kuwa tu biti imeziunganisha. Kimya kingi, wasema wahenga, kina mshindo mkuu. Na mwalimu wa Nyacheki anastahili kuambiwa kwamba alichokutana nacho ni kimya, si upungufu.